Kuvuka Ulaya kwa Gari: Namna ya Kupanga Safari ya Nchi Nne

Dereva anayetoka Amsterdam kwenda Roma kwa barabara ya E35 hupita Uholanzi, Ujerumani, Uswisi na Italia, mwendo wa takriban kilomita 1,650, na inawezekana kabisa akafika bila kusimamishwa na afisa yeyote wa mpakani. Anapoingia Ujerumani huona tu bango la buluu lenye duara la nyota 12 na jina la nchi katikati, kisha lami inaendelea kama kawaida. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Mpaka haukuonekana, lakini ng'ambo yake kikomo cha mwendo ni kingine, ada ya barabara hulipwa kwa njia nyingine, kifaa ambacho jana hakikuhitajika leo ni lazima kiwemo garini, na kosa ambalo dereva hakujua amelitenda hunaswa na kamera na kumfuata kwa barua miezi kadhaa baada ya safari kwisha.

Kwa sababu hiyo ninashauri safari ya namna hii ipangwe kwa kufuata nchi, na miji ije baadaye. Chukua karatasi moja kwa kila nchi utakayopita, hata ile utakayoikata kwa saa mbili tu, na uandike juu yake mambo matano: ada ya barabara, vikomo vya mwendo, vifaa vinavyotakiwa garini, maeneo ya mijini yasiyoruhusu kila gari, na fedha inayotumika. Kazi hiyo huchukua jioni moja. Katika maelezo yanayofuata nimeitumia E35 kama mfano, kwa kuwa karibu kila jambo la kujifunza linapatikana juu yake, na pale ambapo njia nyingine ina mtego wake wa pekee nimeutaja.

Hati za msafiri na hati za gari

Nchi zote nne za mfano wetu zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti katika mipaka iliyo baina yao, ambalo sasa lina nchi 29. Mgeni asiyehitaji viza, au mwenye viza ya muda mfupi inayompa kiwango hicho, anaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na hesabu hiyo ni moja kwa eneo zima. Kuvuka kutoka Ujerumani kwenda Uswisi hakuanzishi hesabu mpya. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya kupiga mihuri kwenye pasipoti, kwa hiyo siku zilizozidi hazifichiki tena. Pasipoti nayo iwe karibu na mkono wakati wote, kwani Ujerumani iliweka ukaguzi wa muda katika mipaka yake yote ya nchi kavu kuanzia Septemba 2024, na gari lolote linaweza kuelekezwa pembeni.

Mwenye viza ya kuingia mara moja aitazame ramani kwa makini zaidi. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, na watu wengi huifuata pwani yake mpaka Dubrovnik, lakini pwani hiyo hukatwa na kipande kifupi cha Bosnia na Herzegovina katika mji wa Neum. Ukipita Neum umetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, hukuwezesha kukizunguka kipande hicho bila kuondoka Kroatia. Ramani ya simu haijui una viza gani, nayo huchagua njia kwa dakika tu.

Leseni ya udereva iliyotolewa nje ya Ulaya iambatane na leseni ya kimataifa, ambayo hutolewa na nchi ile ile iliyotoa leseni ya asili. Moja bila nyingine haitoshi. Kadi ya gari iwe nakala halisi, na kama gari si lako, beba barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulivusha mipaka. Bima ya gari lililosajiliwa katika nchi ya Umoja wa Ulaya hutambuliwa katika Umoja wote pamoja na Uswisi. Kadi ya Kijani, yaani cheti cha kimataifa cha bima ambacho siku hizi huchapishwa kwenye karatasi nyeupe, huhitajika ukifika mbali zaidi, kwa mfano Albania, Makedonia Kaskazini au Uturuki.

Kwa gari la kukodi, soma mkataba kabla ya kulipa na utafute mambo matatu: orodha ya nchi zinazoruhusiwa, ada ya kurudisha gari katika nchi nyingine, na kiasi kitakachozuiwa kwenye kadi yako. Ada ya kurudisha gari nchi nyingine aghalabu ni kubwa kiasi cha kubadilisha mpango mzima, na mara nyingi ni nafuu kufanya safari ya mduara na kurudi mahali ulipoanzia. Uombe pia fomu ya Ulaya ya maelezo ya ajali. Mpangilio wa visanduku vyake ni ule ule katika lugha zote, hivyo dereva wa Kiitaliano anaweza kujaza upande wake kwa Kiitaliano nawe ukajaza wako kwa lugha nyingine, na kisanduku namba 12 kikamaanisha jambo lile lile kwenu nyote wawili. Usitie saini maelezo usiyoyaelewa.

Ada za barabara

Hapa ndipo nchi zinapotofautiana kuliko mahali pengine popote. Uholanzi na Ujerumani hazitozi gari dogo ada ya kutumia barabara kuu, isipokuwa kwenye mahandaki machache. Uswisi hutoza kwa muda, Italia hutoza kwa umbali, na Austria hufanya yote mawili kwa pamoja.

Ada ya muda huitwa vinyeti. Zamani ilikuwa kibandiko cha kioo cha mbele, na Uswisi bado inakiuza, ila tangu 2023 ipo pia ya kielektroniki inayofungamana na namba za gari. Bei ni faranga 40 za Uswisi, na hakuna ya siku moja wala ya wiki: anayepita kwa saa tatu hulipa sawa na anayekaa mwaka mzima. Vinyeti ya mwaka hutumika kuanzia tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia hadi tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata, yaani miezi 14. Anayekamatwa barabara kuu bila vinyeti hutozwa faranga 200 na bado analazimika kuinunua. Inunue kwenye tovuti rasmi ya forodha ya Uswisi, kwa sababu wapo wauzaji wa kati ambao kurasa zao hujitokeza mwanzo mtu anapotafuta, nao huongeza chao juu ya bei. Kagua namba za gari herufi kwa herufi kabla ya kulipa, kwa kuwa sifuri iliyoandikwa mahali pa herufi O inatosha kuifanya isitambulike.

Austria, Slovenia, Jamhuri ya Cheki, Slovakia, Hungaria, Romania na Bulgaria nazo zina vinyeti zao, na karibu zote zina za muda mfupi. Mtego wa Austria ni kwamba baadhi ya sehemu za milimani hazimo ndani ya vinyeti. Anayeshuka Italia kupitia Innsbruck hutumia vinyeti kwenye barabara kuu ya A12, kisha akiingia A13 ya Brenner hulipa ada ya pekee, na waliodhani malipo ya kwanza yanatosha hushangaa wanapoukuta mlango wa malipo mbele yao.

Ufaransa na Italia hutumia tiketi: unaichukua unapoingia, unalipa unapotoka. Ufaransa, hata hivyo, imeanza kuondoa milango hiyo, na kwenye A13 na A14 kati ya Paris na Normandy kamera husoma namba za gari, kisha dereva mwenyewe anapaswa kulipa mtandaoni ndani ya saa 72. Hakuna atakayekusimamisha kukukumbusha. Weka kikumbusho kwenye simu siku hiyo hiyo.

Kugawa umbali na kuchagua siku

Madereva wa malori katika Umoja wa Ulaya wamewekewa sheria ya kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida kutozidi saa tisa za usukani kwa siku. Sheria hiyo haimhusu mwenye gari dogo, lakini imetokana na yale yanayompata binadamu yeyote aliyekaa muda mrefu nyuma ya usukani, na ninaona ni busara asiye na uzoefu wao akapunguza hata hapo. Mimi hupanga kilomita 400 hadi 500 kwa siku na sizidishi. Kwa mfano wetu hesabu hiyo inatoa siku nne zinazolingana: Amsterdam hadi Frankfurt, Frankfurt hadi Luzern, Luzern hadi Bologna, na Bologna hadi Roma. Siku ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa inabeba handaki la Gotthard asubuhi na msongamano wa Milano mchana, kwa hiyo ondoka Luzern alfajiri.

Siku ya kuondoka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ujerumani hukataza malori ya zaidi ya tani 7.5 kutembea Jumapili tangu saa sita usiku hadi saa nne usiku, na Uswisi hukataza ya zaidi ya tani 3.5 Jumapili nzima na kila usiku kati ya saa nne na saa kumi na moja alfajiri. Jumapili asubuhi, njia ya kulia ambayo siku nyingine ni ukuta wa malori huwa karibu tupu. Ubaya wake ni kwamba maduka mengi ya Ujerumani na Uswisi hufungwa siku hiyo, hivyo nunua chakula Jumamosi. Jumamosi za Julai na Agosti ni za kuepukwa kabisa, kwani ndizo siku ambazo familia nyingi hubadilishana nyumba za likizo na barabara zote za kuelekea kusini hujaa.

Mafuta na umeme

Gari linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 litahitaji takriban lita 116 kutoka Amsterdam hadi Roma. Vituo vilivyo kandokando ya barabara kuu ndivyo vyenye bei ya juu, na kutoka kilomita moja au mbili kuingia mji mdogo hupunguza gharama kwa kiasi kinachoonekana. Ujerumani ina pia vituo vikubwa vya malori vilivyo nje kidogo ya njia za kutokea barabara kuu, vinavyoitwa Autohof, ambako mafuta na chakula huwa nafuu kuliko kwenye vituo vya barabara yenyewe.

Kosa la kujaza mafuta yasiyofaa hutokana na majina. Kwa Kijerumani petroli huitwa Benzin, kwa Kiitaliano benzina. Dizeli kwa Kiitaliano ni gasolio, kwa Kifaransa gazole, na kwa Kihispania gasóleo, wakati gasolina ya Kihispania ni petroli. Ukikosa uhakika, acha maneno utazame alama iliyopo kwenye bomba na ndani ya mfuniko wa tangi, ambayo tangu Oktoba 2018 ni moja kwa Umoja wote wa Ulaya: duara ni petroli, kama E5 au E10, na mraba ni dizeli, kama B7. Italia kituo kimoja huwa na bei mbili, ya kujihudumia na ya kuhudumiwa, na pampu ya kuhudumiwa ina bei kubwa hata kama hakuna aliyekuja kukuhudumia upesi. Pampu za kadi zisizo na mhudumu huweza kuzuia kiasi kikubwa kwenye akaunti kabla ya kurekebisha, jambo la kuzingatia kwa mwenye salio dogo.

Mwenye gari la umeme hana shida kubwa kwenye njia hii. Chaja mpya za kasi zilizowekwa katika Umoja wa Ulaya tangu Aprili 2024 zinatakiwa kupokea kadi za benki, hivyo ulazima wa kujiunga na kampuni nyingi umepungua. Apange tu vituo vyake kwa kukumbuka kwamba mpando wa kuelekea Gotthard hula betri haraka, na mteremko wa upande wa pili hurudisha sehemu yake.

Vifaa vya garini na majira ya baridi

Pembetatu ya tahadhari na fulana ya kuakisi mwanga ziwemo daima, na fulana ziwe nyingi kama abiria walivyo. Ziwekwe mahali ambapo mtu anazifikia akiwa amekaa, kwa sababu fulana iliyo kwenye buti chini ya mizigo humlazimu mtu kushuka barabarani bila kuonekana ili aifuate. Ujerumani na Austria huhitaji pia sanduku la huduma ya kwanza ambalo muda wake haujapita. Gari likiharibika, washa taa za dharura, vaa fulana, watoe abiria wote upande wa kulia hadi nyuma ya kizuizi cha chuma, ndipo uweke pembetatu. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote nne. Kwenye barabara kuu za Ujerumani, vinguzo vyeupe vya pembeni vina kishale kidogo cheusi kinachoonyesha upande ilipo simu ya dharura iliyo karibu, na anayepiga kutoka hapo hahitaji kueleza yuko wapi.

Kati ya Novemba na katikati ya Aprili, matairi ya baridi ni suala la sheria. Austria huyataka kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili pale barabara inapokuwa na hali ya baridi, na barabara nyingi za Italia huyataka, au minyororo garini, kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Aprili. Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazikubaliki tena Ujerumani tangu Oktoba 2024. Anayekodi gari kusini na kupanda kaskazini aulize jambo hili kabla ya kupokea funguo.

Kuendesha Uholanzi na Ujerumani

Uholanzi ni fupi na tulivu. Sehemu kubwa ya barabara zake kuu ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni, na kamera ni nyingi.

Ujerumani inahitaji umakini wa aina nyingine. Kwenye barabara kuu, mahali pasipo na bango la kikomo hakuna kikomo, ila mwendo unaopendekezwa ni kilomita 130, na anayepata ajali akiwa juu ya hapo anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama hata kama hakuanzisha kosa. Njia ya kushoto ni ya kupita tu. Kabla ya kuingia huko tazama kioo, hesabu moja, utazame tena, maana gari lililokuwa nukta mbali huko nyuma linaweza kuwa ubavuni kwako kabla hujamaliza kulipita lori. Kulipita gari kwa upande wa kulia ni kosa.

Kwenye sehemu za ukarabati, ambazo ni nyingi kati ya Köln na Karlsruhe, njia hubanwa na ile ya kushoto huwekewa bango la upana, mara nyingi mita 2 au 2.1. Upana huo hupimwa pamoja na vioo vya pembeni. Gari la kawaida la familia, ukijumlisha vioo, hupita mita 2 bila mwenyewe kujua, kwani upana ulioandikwa kwenye hati za gari mara nyingi hauhesabu vioo. Pima kwa futi ya kamba ukiwa bado nyumbani, uandike jibu kwenye karatasi ya Ujerumani. Likizidi, kaa kulia nyuma ya malori mpaka ukarabati uishe.

Jambo ambalo ningependa kila mgeni alishike kabla ya kuingia Ujerumani ni njia ya uokoaji. Foleni inapoanza tu kuwa nzito, hata kabla magari hayajasimama, walio njia ya kushoto kabisa husogea kushoto kadiri wanavyoweza, na wengine wote husogea kulia, ili ubaki uchochoro katikati kwa ajili ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Hufanyika bila kusubiri king'ora. Mara ya kwanza nilipoliona nilikuwa mgeni wa barabara hizo: magari yote mbele yangu yalianza kuachana kama zipu inayofunguliwa, nami sikuelewa mpaka mwanamke aliyekuwa pembeni yangu aliponionyesha kwa mkono nisogee. Dakika chache baadaye gari la wagonjwa lilipita katikati yetu kwa kasi bila kugusa breki. Mtu aliyekuwa anasubiri mbele huko hakucheleweshwa na ugeni wangu, na ninamshukuru mwanamke yule hadi leo. Asiyetoa njia hutozwa faini inayoanzia euro 200. Austria na Uswisi zina sheria kama hiyo.

Ukiingia katikati ya miji mikubwa kama Köln, Berlin au München utahitaji kibandiko cha kijani cha mazingira kwenye kioo, na faini ya kukikosa ni euro 100. Ukibaki barabara kuu hukihitaji. Kwenye mitaa midogo, tafuta bango la almasi ya njano: maadamu umeliona, una haki ya kupita kwanza. Mahali pasipo na bango lolote, anayetoka kulia ndiye mwenye haki, hata akitokea kwenye kichochoro.

Uswisi na handaki la Gotthard

Uswisi imo Schengen, lakini haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya. Maofisa wa mipakani Basel na Chiasso hawana haja kubwa na pasipoti, wanaangalia mizigo. Nyama inayoruhusiwa bila ushuru ni kilo moja kwa mtu, na tangu Januari 2025 thamani ya bidhaa isiyotozwa kodi ni faranga 150 kwa mtu. Kikomo cha barabara kuu ni kilomita 120, na adhabu za mwendo ni kali mno. Punguza kabla ya bango, usingoje uliguse.

Handaki la barabara la Gotthard lilifunguliwa 1980, lina urefu wa kilomita 16.9, na gharama yake imo ndani ya vinyeti. Ni tundu moja lenye njia mbili zinazotazamana, bila kizuizi katikati, na kikomo chake ni kilomita 80. Tarehe 24 Oktoba 2001 malori mawili yaligongana humo, moto ukawaka, watu 11 wakafariki. Tangu hapo malori huingizwa kwa vipimo, na taa za kuongozea magari hushikilia foleni mlangoni Göschenen. Siku za Pasaka na mwanzo wa likizo foleni hiyo huweza kufika kilomita kadhaa. Ukiwa ndani, washa taa, fungua redio, acha nafasi kubwa mbele yako, na ukumbuke yalipo mabango ya kijani ya vyumba vya kujihifadhi. Gari likiwaka moto hapo, mtu huacha kila kitu na kukimbilia chumba kilicho karibu.

Zipo njia mbili za kuliepuka. Barabara ya zamani hupanda juu ya mlima hadi mita 2,106, nayo inapendeza sana, ila hufungwa majira ya baridi. Nyingine ni A13 ya San Bernardino upande wa mashariki, ambayo kwa anayetokea Basel ni mzunguko, na faida yake huonekana tu foleni ya Gotthard inapopita saa moja.

Italia: tiketi, milango na mitaa iliyofungwa

Baada ya Chiasso rangi za mabango hubadilika maana. Ujerumani buluu ilikuwa barabara kuu. Italia barabara kuu ni kijani na buluu ni barabara ya kawaida. Kikomo ni kilomita 130, na mvua ikinyesha hushuka kuwa 110. Baadhi ya kamera hupima wastani wa mwendo kati ya nguzo mbili, kwa hivyo kupunguza mbele ya kamera na kuongeza baada yake hakumsaidii mtu.

Katikati ya Milano kuna eneo la Area C lenye malipo siku za kazi, na msafiri wa kupita hana sababu ya kulikaribia. Zunguka kwa barabara ya pembezoni mpaka A1, na kwenye mlango wa Milano Sud chukua tiketi na uiweke mahali ambapo hata ukilala usiku kucha utaikumbuka. Barabara hii ya A1 ilikamilika 1964, na kati ya Bologna na Firenze hugawanyika mara mbili: ile ya zamani yenye kona, inayoandikwa Panoramica, na ile iliyofunguliwa Desemba 2015, inayoandikwa Direttissima, ambayo hupita kwa mahandaki marefu. Zote hukutana tena kabla ya Firenze, kwa hiyo uchaguzi usikutie wasiwasi dakika za mwisho.

Kwenye mlango wa kulipia, tazama juu kabla ya kuchagua njia. Bango la njano la Telepass ni la wenye kifaa hicho cha malipo ya kielektroniki tu, la buluu ni la kadi, na jeupe lenye picha ya mkono na sarafu ni la fedha taslimu. Ukikosea njia, usirudi nyuma kamwe, hata magari ya nyuma yakipiga honi. Bonyeza kitufe cha msaada. Mashine itakupa karatasi ya malipo yasiyofanyika, nawe una siku 15 za kulipa bila nyongeza.

Adui mkubwa zaidi wa mgeni Italia ni eneo la ZTL, yaani mitaa ya katikati ya mji wa kale ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia saa fulani. Firenze, Bologna na Roma zote zinayo. Mlangoni hakuna askari wala kizuizi, ni bango jeupe lenye duara jekundu na kamera juu yake. Katika miji yenye kibao cha taa, maneno ya kibao hicho huwapotosha wageni: varco attivo hudhaniwa kuwa njia iko wazi, kumbe maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi na hupaswi kuingia. Ruhusa ni pale palipoandikwa varco non attivo. Kupita chini ya kamera mara moja tu kunatosha kuleta faini, hivyo usizunguke humo ukitafuta hoteli. Hoteli iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuombea gari lako ruhusa. Wapigie simu kabla ya kufika, wape namba za gari, na uwaombe wathibitishe kwa maandishi. Kwa maegesho, kumbuka kwamba mistari myeupe ni bure, ya buluu ni ya kulipia, na ya njano imetengewa watu maalumu.

Roma yenyewe usiiingie kwa gari. Tokea A1 kwenda barabara ya mduara iitwayo Grande Raccordo Anulare, acha gari kwenye maegesho ya kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi kama Anagnina, na uingie mjini kwa reli.

Ukirudi, usitupe bado stakabadhi za barabara, mkataba wa gari wala maandishi ya hoteli. Italia ina hadi siku 360 za kumpelekea faini anayeishi nje ya nchi, na kwa makosa mengi anayelipa ndani ya siku tano tangu aipokee hupunguziwa asilimia 30. Weka karatasi zote kwenye bahasha moja, uandike juu yake tarehe ya siku ya mwisho uliyoendesha Italia, na uihifadhi mpaka mwaka mzima upite.